Mwenye Bendera Si Waziri

California, upande wa kusini

Kwa mjomba Khocha, kwa bibi Kukhu, kwa mama Mayi, na kwa yeyote mwingine atakayesomewa barua hii chini ya mparachichi,

Ile baridi mliyonitishia nayo haiko pande hizi. Huku jua linapiga hadi ndege wanatafuta kivuli.

Khocha, nina neno na wewe. Binamu amenitumia sauti iliyorekodiwa pale stendi ya Ndalu, na ndani yake nakusikia ukiwaambia watu wa boda boda kwamba mpwa wako "amepewa bendera Marekani." Kisha ukanyamaza. Hukusema uwongo. Bendera nimepewa kweli, tena si moja. Lakini nakujua tangu uliponinunulia viatu vya kwanza vya shule, na kile kimya ulikipima. Kwetu mtu akisemekana amepewa bendera, watu huchungulia barabarani kuona imefungwa kwenye gari gani.

Matokeo yake ni haya. Mama mmoja wa Naitiri ananiomba nimsaidie mwanawe aingie jeshini. Mwalimu wangu wa zamani ananiita Mheshimiwa. Fundi mmoja wa Kiminini amenitumia makadirio ya lango la nyumba yangu, pamoja na kibanda cha askari wa zamu. Lango limekadiriwa vizuri. Nyumba ndiyo sina.

Wewe ni mtu wa kusikiliza taarifa ya habari, Khocha. Unakumbuka magavana walivyopeperusha bendera ya taifa kwenye magari yao hadi sheria ikabanwa mwaka 2014, heshima hiyo ikabaki kwa Rais, Naibu wake na wakubwa wengine wachache. Ikiwa gavana mzima wa Bungoma alikatazwa, sembuse mimi, mtoto wa dada yako, ninayekwenda kazini na kofia ya majani makavu na suruali yenye mikanda ya mabegani kwa amri ya mwajiri?

Basi nieleze kazi yenyewe, na ukimaliza kusoma uirudie palepale stendi, kwa sauti ileile.

Nimeajiriwa kibarua cha msimu kwenye bustani ya burudani. Jina lake silitaji, kwa sababu siku ya kuandikwa nilitia sahihi karatasi nyingi nisizozisoma, na naamini mojawapo ilinikataza. Ndani ya bustani hiyo kuna mto. Usifikirie Nzoia. Nzoia inatoka vilima vya Cherangani, inatembea zaidi ya kilomita 250 hadi Ziwa Victoria, na haijawahi kumdai mtu tiketi. Huu wetu ulichimbwa na tingatinga, ukajazwa maji kwa bomba, unazunguka kisiwa na kurudi palepale ulipoanzia. Chanzo hauna, mdomo hauna. Kila asubuhi kabla ya wageni kuingia, mtu hupita na wavu akiokoa kofia, vikombe na kiatu kimoja cha mtoto. Daima ni kimoja. Cha pili kinakwenda wapi, hakuna anayejua.

Katika maji hayo tuna vyombo vya aina tatu. Kuna meli ya ghorofa, nyeupe, yenye gurudumu kubwa nyuma la kupiga maji, inayobeba watu wengi kuliko kanisa letu siku ya Krismasi. Kuna vyelezo, vile vya mbao bapa, vinavyovusha watu kwenda kisiwani na kuwarudisha. Halafu kuna mitumbwi mirefu, na hapo Kukhu naomba akae vizuri, kwa sababu kwenye mitumbwi hiyo wageni wenyewe ndio wanaopiga makasia.

Ndiyo, Kukhu. Wamelipa. Wamelipa langoni pesa ambazo kwetu zinanunua mbuzi mzuri, kisha wanapanga foleni juani, kisha wanapewa kasia, na mtu anasimama mbele yao akiwapigia kelele wavute kwa bidii zaidi. Wakishuka wanamshukuru. Nilipokueleza haya kwenye simu uliniuliza kama watu hao wangependa kuja kupalilia mahindi. Nimeulizia. Wanasema inategemea kama kuna mahali pa kupigia picha.

Sasa shida iko hapa. Meli kubwa inatembea juu ya reli iliyofichwa ndani ya maji. Nahodha yuko juu amevaa kofia, ameshika usukani mzuri wa mbao, na usukani huo haupindi chochote. Reli ikipinda, naye anapinda. Kwa hiyo meli haiwezi kukwepa mtu, na kusimama kwake huchukua muda. Mtumbwi hauna reli, unakwenda popote wapiga makasia wanapoupeleka, na hao wapiga makasia jana walikuwa ofisini wakichapa kompyuta. Chelezo nacho kinakatiza njia ya meli kila baada ya muda mfupi, kimejaa watoto. Na katikati ya yote kuna kisiwa chenye miti, kwa hiyo walio gatini hawaoni kilicho nyuma ya kona.

Anayeona pande zote mbili ni mtu mmoja tu, aliyesimama kwenye kijukwaa cha mbao kwenye ncha ya kisiwa, karibu na mlingoti. Huyo ndiye mimi.

Mwaka 1963, usiku wa Uhuru, Kisoi Munyao alipanda Mlima Kenya kuisimika bendera yetu kwenye baridi na theluji. Mimi napanda ngazi tatu. Nikifika juu, navuta kamba. Bendera ya kijani ikipanda, njia ni nyeupe, mitumbwi inaweza kutoka. Ya njano ikipanda, meli kubwa imeondoka gatini. Chelezo ambacho hakijaanza kuvuka kibaki kilipo, na kilichoanza kimalize upesi. Ya buluu, meli iko nyuma ya kisiwa, mitumbwi ijibanze upande wa ndani wa kona. Nyekundu, kila chombo kisimame, hata meli, na mtu wa boila kule chini apewe ishara ya kengele apunguze mvuke. Meli ndiyo inayopishwa daima, na si kwa sababu ya heshima. Inapishwa jinsi trekta lililojaa miwa linavyopishwa barabara ya Webuye: haliwezi kukukwepa, na linajua kwamba unajua.

Najua utakachouliza, maana hata mimi nilikiuliza: watu hawa waliofika mwezini wamekosa redio za mkononi? Wanazo. Yangu iko kiunoni, imefunikwa kwa kipande cha gunia ili isiharibu sura, kwa sababu mtoni kwetu bado ni karne ya 19 na mgeni hakulipa ili aone antena. Lakini sababu ya kweli ni nyingine, na ilinichukua muda kuiona. Ukisema jambo kwenye redio, linasikika mara moja na kuisha. Aliyekuwa anafunga kamba hakusikia. Aliyekuwa anamtuliza mtoto alisikia nusu. Watatu wakiongea pamoja, hakuna aliyesikia. Bendera inaendelea kusema. Anayefika kwenye kona akiwa amechelewa anainua macho na kuikuta bado inasema neno lilelile, kwa kila mtu, bila kupaza sauti. Hakuna wa kujitetea kwamba hakuambiwa. Hakuna haja ya kuuliza nani alisema nini na mbele ya nani. Khocha, fikiria mkutano wa ukoo ungekuwa na kitu hicho. Lile suala la mpaka wa shamba la mtoni lingeisha kabla ya chai.

Ndiyo maana nakuambia madaraka ninayo, ila si yale unayoyatangaza. Nikivuta kamba, meli ya mvuke inasimama. Ndani yake kuna mawakili, madaktari, labda na tajiri mmoja au wawili, na wote wanangoja hadi mimi nitakapoona inafaa. Chifu wetu akiitisha baraza saa nne, watu hufika saa sita. Mimi nikiinua kitambaa chekundu, mtu mzima mwenye saa ya dhahabu anaganda na kasia mikononi, maji yakimchuruzika ndani ya mkono wa shati, na haniulizi kwa nini.

Wasionitii ni bata peke yao. Wamekuja wenyewe, hawakuajiriwa, na hawatambui rangi. Nimewahi kusimamisha vyombo vyote vya mto kwa ajili ya mama bata na wanawe, na wageni wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Msimamizi wangu alitaka kujua bata hao watarudia tena saa ngapi.

Kuna siku mzee mmoja aliyestaafu jeshi la majini alinisimamia chini ya mlingoti, mikono nyuma, akinikagua. Bendera ya njano ilikuwa juu. Akaniambia kwa upole kwamba nilikuwa natangaza kuwa chombo changu hakina maradhi na ninaomba ruhusa ya kuingia bandarini. Nilidhani jua limemkolea. Kumbe yuko sahihi. Baharini kuna lugha nzima ya bendera, Waingereza walianza kuichapisha kitabuni mwaka 1857, na leo kila herufi ina bendera yake inayotambuliwa na meli za dunia nzima. Njano tupu ndiyo Q, na maana yake ni hiyo aliyoitaja. Ile yenye miraba minne ya nyekundu na nyeupe ni U: unaelekea kwenye hatari. Miraba ya njano na nyeusi ni L: simamisha chombo chako mara moja. Nyekundu na njano iliyokatwa mshazari ni O, mtu ameanguka majini. Nilimjibu mzee kwamba humu kwetu kweli hakuna maradhi, isipokuwa kwa wale waliokula keki za kukaangwa kabla ya kupanda mtumbwi. Alicheka, akanipigia saluti. Nikamrudishia. Picha ya saluti hiyo ndiyo uliyoiona kwenye kikundi cha ukoo, Khocha, na yule si jenerali wangu. Tafadhali rekebisha.

Siku ya mapumziko nilikwenda Anaheim kuwatazama wakubwa wa kazi hii. Pale ndipo ilipo Disneyland, iliyofunguliwa tarehe 17 Julai 1955, na mto wake ndio baba wa mito hii yote ya kuchimbwa. Tiketi ya siku moja inapita dola 100, nami nililipa nikiwa nimefumba macho. Meli yao inaitwa Mark Twain, nayo iko kwenye reli. Ipo merikebu ya matanga iitwayo Columbia, ya mwaka 1958, matanga yake ni pambo, iko kwenye reli ileile. Ipo mitumbwi, tangu 1956, na wageni wanapiga makasia wenyewe tangu enzi hizo. Kwa hiyo Kukhu asidhani ni wazimu mpya. Wafanyakazi nao wana mashindano yao ya mitumbwi, hukimbizana kuzunguka mto alfajiri kabla lango halijafunguliwa. Yaani watu wanaolipwa kutazama wengine wakipiga makasia huamka usiku ili wapige yao bure.

Aliyesimamia ujenzi wa mahali pale alikuwa admirali mstaafu, Joe Fowler, mtu aliyejenga meli za vita. Alisisitiza kuchimbwa gati kubwa la kutengenezea vyombo, na Walt Disney alilitazama lile shimo akalitania kuwa mtaro wa Joe. Leo limepewa jina la Fowler mwenyewe. Na walipoufungulia mto maji mara ya kwanza, ardhi ya mchanga iliyanywa yote. Ikabidi wasombe udongo wa mfinyanzi na kuusiliba chini ndipo maji yakakubali kukaa. Mayi angewaambia hilo kabla hawajaanza, bila kutoza pesa.

Hadithi iliyonifurahisha zaidi ni ya siku zile za mwanzo, kabla hawajaweka hesabu. Watu waliachwa wapande Mark Twain tu, mmoja baada ya mwingine, hadi meli ikadidimia na maji yakaanza kulamba sitaha ya chini. Ndipo ukawekwa mpaka: abiria 300, basi. Niliposoma hivyo nilisikia waziwazi sauti ya makanga wa Kitale ikisema bado wawili, songeni, twende.

Pia kuna safari yao ya mashua ya msituni, iliyoanza siku ileile ya ufunguzi. Unapandishwa, na kwa dakika chache unapitishwa mito ya dunia nzima, ya Afrika ikiwemo, na viboko wanaibuka kutoka majini wakitikisa masikio. Ni wa mashine. Nahodha anasimulia vichekesho muda wote. Mama mmoja niliyekaa naye alijua natoka Kenya, akanishika mkono kiboko alipoibuka, aone kama nitaogopa. Nilimwonea huruma, nikaruka kidogo.

Turudi kwa Mark Twain. Ukimwomba mfanyakazi kwa adabu, na ukabahatika, unaruhusiwa kupanda hadi chumba cha usukani ukae na nahodha. Nilibahatika. Niliruhusiwa kupiga kengele. Nilipiga, Khocha, hadi nikaambiwa inatosha. Niliposhuka nikapewa cheti kinachosema nimekuwa rubani wa meli hiyo. Cheti ni cha kweli, karatasi ni nzuri, jina langu limeandikwa vizuri, na hupewa hata watoto wa chekechea. Naambatanisha picha yake. Usikipeleke kwa chifu, wala usikitoe nakala pale Kitale. Na usimwonyeshe yule baba wa msichana wa Milo kabla sijapata nafasi ya kumweleza mwenyewe.

Jambo moja tu lilinitia wasiwasi kuhusu ajira hii. Disney walikuwa na mto mwingine kama huo kule Florida, uliokuwepo tangu bustani hiyo ilipofunguliwa mwaka 1971. Mwezi Julai 2025 waliufunga, meli yake ikastaafishwa, ili mahali pake pajengwe michezo ya magari. Kwetu mto ukikauka watu wanaitisha maombi. Huku mto unapigwa kalamu. Tangu nisikie hivyo, kila nikimwona mtu mwenye kanda ya kupimia akitembea kando ya maji yetu, namsalimu kwa heshima ya ziada.

Sasa wazo lako, lile la kusimika mlingoti pale njia panda ya Ndalu ili boda boda ziongozwe kwa bendera, nawe uwe mkubwa wa kamati. Nimelifikiria kwa dhati. Hapa kwetu linafanikiwa kwa sababu mto unakwenda upande mmoja tu, chombo kikubwa kimefungwa kwenye reli, na kila mwenye chombo anajua akipita kwenye nyekundu, kesho hana kazi. Wewe huna hata kimoja kati ya hivyo. Una njia nne, ng'ombe, mkokoteni wa maji, na vijana ambao kila mmoja ni mkurugenzi wa pikipiki yake. Tena kuna suala la rangi. Ukiinua njano, watasimama, ndiyo, lakini watauliza mgombea anafika saa ngapi na kama kuna fulana. Ukiinua ya chungwa, wa njano watakuuliza umehama lini. Kijani kuna wenyewe, na ni jirani zako. Hata nyeupe, kwa mwaka wa uchaguzi, utaambiwa umekata tamaa. Kabla saa sita haijafika utakuwa umeunda chama, na mlingoti umeuzwa.

Ukishikilia wazo hilo hata hivyo, basi mwenye kuvuta kamba awe Kukhu. Yeye akisema simama, watu husimama hata bila kitambaa.

Pesa ya mbolea nimeshaituma kwenye simu ya Mayi, yote, na ujumbe wa kuthibitisha ninao. Mayi, tafadhali nunua mbolea yenyewe, na mbegu usimwachie mtu akuchagulie kwa sababu tu amejitolea kubeba gunia. Aliyejitolea anajijua. Binamu aendelee na masomo, na aache kurekodi watu stendini, isipokuwa Khocha.

Na ile kofia ya nahodha uliyoniagiza, Khocha, nimeitafuta. Inauzwa duka la hapa bustanini, ina nanga mbele na kamba ya dhahabu, bei ni ya kustahimilika. Tatizo ni kwamba saizi kubwa kuliko zote ni ya mtoto wa miaka kumi. Nitumie kipimo cha kichwa chako, ukipime kwa uzi, na uzi huo usishikwe na wewe mwenyewe.

Wenu,
mwenye bendera